Majina ya Kambi Nne za Alderney

Jina la Helgoland si geni kwa mwalimu yeyote aliyepata kufundisha historia ya pwani yetu. Kwa mapatano ya tarehe 1 Julai 1890, Uingereza iliwapa Wadachi, ambao siku hizi twawaita Wajerumani, kisiwa hicho kidogo cha Bahari ya Kaskazini. Nao wakakubali Unguja na Pemba ziwe chini ya himaya ya Kiingereza, wakaacha na madai yao juu ya Witu. Watoto shuleni huyakumbuka upesi mapatano hayo kwa ajili ya ajabu yake: kisiwa kilitolewa kwa visiwa, na wenyeji wa pande zote mbili hawakuulizwa neno. Lakini ni wachache wajuao ya kuwa miaka hamsini na miwili baadaye jina lile lile la Helgoland liliwekwa juu ya kambi ya watu waliotumikishwa kwa nguvu, katika kisiwa kingine kilichokuwa chini ya Mfalme wa Uingereza, na wenye kuliweka walikuwa Wajerumani. Habari za kambi hiyo, na za nyingine tatu zilizokuwa karibu yake, ndizo nitakazozieleza hapa. Nitakaa zaidi katika majina na maneno, kwa kuwa gazeti hili ni la lugha na desturi, tena kwa kuwa katika jambo hili majina yana habari yake.

Kisiwa chenyewe chaitwa Alderney. Ni kimoja cha visiwa vilivyo katika mlango wa bahari baina ya Uingereza na Ufaransa, cha kaskazini kupita vikubwa vyote. Vingine ni Jersey, Guernsey na Sark. Ni kidogo mno: urefu wake ni kama kilometa 5, na upana wake hauzidi kilometa 2 na nusu. Siku ya anga safi mtu aliyesimama ufukoni aiona nchi ya Ufaransa, ambayo i mbali kwa kilometa 15 hivi. Visiwa hivi ni mabaki ya milki ya kale ya wakuu wa Normandy, ambao mmoja wao ndiye aliyeishinda Uingereza mwaka 1066. Kwa sababu hiyo humtii mfalme wa Uingereza, walakini si sehemu ya Ufalme wa Muungano wenyewe, tena vina mabaraza yao na sheria zao. Kwa sababu hiyo hiyo wenyeji hawakusema Kiingereza tangu asili. Walisema Kinormandi, ndugu wa Kifaransa, na kila kisiwa kilikuwa na lafudhi yake, kama vile Kiunguja, Kipemba na Kimvita zilivyo mbalimbali. Lafudhi ya Alderney iliitwa Auregnais, kwa jina la kisiwa katika Kifaransa, Aurigny. Katika karne ya kumi na tisa serikali ya Uingereza ilijenga huko ngome nyingi na gati kubwa ya mawe kwa kuwahofu Wafaransa. Vibarua na askari wakaja kwa mamia na Kiingereza chao, na lugha ya wenyeji ikaanza kurudi nyuma.

Basi katika Juni 1940 majeshi ya Ujerumani yalipokuwa yakienea Ufaransa kama maji ya mafuriko, serikali ya Uingereza iliona kwamba visiwa hivi haviwezi kulindwa, ikawaondoa askari wake. Wenyeji wakaachiwa kuchagua wenyewe wakae au waondoke. Huko Jersey walio wengi walibaki. Huko Guernsey watu maelfu waliondoka, hasa watoto wa shule, na waliozidi wakabaki. Huko Sark karibu wote walibaki. Katika Alderney mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Hakimu wa kisiwa, Frederick French, aliwakusanya watu katika uwanja akawauliza shauri lao, nao wakachagua kwenda. Asubuhi ya Jumapili, tarehe 23 Juni 1940, kengele za Kanisa la Mtakatifu Anna zililia, na watu kama 1,400 wakashuka bandarini kila mmoja na mzigo mdogo. Ng'ombe waliachwa mashambani, mbwa na paka wakauawa au wakaachwa. Ilipofika jioni kisiwa kilikuwa kitupu, isipokuwa watu wachache mno waliokataa kutoka. Wajerumani waliingia tarehe 2 Julai, wakakuta nyumba zina meza na vyombo, wala hakuna wa kuwajibu.

Msomaji aliweke jambo hili moyoni, kwa maana sehemu kubwa ya yaliyofuata yatoka katika utupu huo.

Mwaka wa kwanza haukuwa na mengi. Mnamo Oktoba 1941 Hitler alitoa amri kwamba visiwa hivi vifanywe ngome zisizoshindika. Alivithamini kupita kiasi kwa kuwa ndivyo sehemu pekee ya nchi za Uingereza katika Ulaya aliyopata kuishika, na wenye ujuzi wa vita wamesema tangu hapo kwamba saruji na chuma vilivyozikwa huko vilipita faida yake. Kazi ilipewa shirika kubwa la ujenzi lililoanzishwa na Fritz Todt, ambalo tayari lilikuwa likijenga kwa Wajerumani katika nchi zote walizozitwaa. Todt mwenyewe alikufa katika ajali ya ndege Februari 1942, na Albert Speer akashika mahali pake. Shirika hilo lilikuwa na desturi ya kuvitaja visiwa kwa majina ya siri: Jersey ikawa Jakob, Guernsey ikawa Gustav, na Alderney ikawa Adolf. Hivyo kisiwa kilichokwisha kupoteza watu wake kilipoteza na jina lake.

Kisha, mwaka 1942, zikajengwa kambi nne. Zikaitwa Borkum, Helgoland, Norderney na Sylt. Hivi vyote vinne ni visiwa vya Ujerumani katika Bahari ya Kaskazini, na kabla ya vita vilikuwa mahali ambapo watu wa mijini walikwenda kupumzika na kuoga baharini wakati wa joto. Waandishi wengine wameona dhihaka katika majina hayo. Mimi sioni hivyo. Huko Jersey kambi za watu wa namna ile ile ziliitwa kwa majina ya marubani mashuhuri wa Ujerumani, Immelmann, Richthofen na wengineo, na hapo dhihaka haipo. Naona ni kazi ya karani tu, aliyetakiwa kutoa majina manne ya kukumbukika kwa urahisi, akawaza kisiwa, akaandika visiwa. Pengine hilo ni baya kuliko dhihaka, maana mwenye kudhihaki humwona angalau yule amdhihakiye.

Twajua sisi wenyewe jinsi jina la kambi liwezavyo kudumu. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi ni jina la kikosi cha wapagazi wa Kiingereza katika vita ya 1914–1918, ambao walikufa kwa makumi ya maelfu kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Lakini jina hilo lilipita katika vinywa vya watu. Wakalivunja, wakalilainisha, wakalifanya soko, kitongoji na wimbo, na leo mtoto wa Kariakoo hajui kwamba alitamka Kiingereza. Katika Alderney hapakuwa na vinywa hivyo. Hakuna mwenyeji aliyekuwapo hata aligeuze neno Sylt likae katika ulimi wa Kinormandi. Majina manne yalibaki kama yalivyotoka kwa karani, na yangali hivyo hata leo.

Sasa ni watu gani waliotiwa humo? Borkum ilikuwa ya mafundi, Wajerumani wengi na wengine wa Ulaya ya magharibi, ambao baadhi yao walikuja kwa hiari na kwa mshahara. Helgoland na Norderney zilijaa waliotumikishwa. Wengi wao walikuwa watu wa Urusi na Ukraine, na miongoni mwao vijana wa miaka kumi na sita au kumi na minane, waliokamatwa vijijini mwao, wakapakiwa katika magari ya moshi ya mizigo, wakavushwa Ulaya nzima mpaka bandari za Ufaransa, kisha wakasukumwa katika matumbo ya meli. Wa kwanza wao walifika katika Julai 1942. Walikuwapo Wahispania walioshindwa katika vita ya nchi yao, waliokimbilia Ufaransa mwaka 1939 na huko wakatiwa mikononi mwa Wajerumani. Walikuwapo Wapolandi, na watu wa Afrika ya Kaskazini waliokamatwa katika Ufaransa. Mwaka 1943 waliletwa Wayahudi wa Ufaransa kwa mamia, wengi wao waume wa wanawake wasio Wayahudi, ambao kwa sababu hiyo walikuwa hawajapelekwa mashariki kuuawa. Hesabu iliyofanywa kwa uangalifu hivi karibuni yasema kwamba watu wote waliopelekwa Alderney kufanya kazi walikuwa kati ya 7,608 na 7,812. Zamani kisiwa hakikuwa hata na robo ya watu hao.

Kila mmoja alisema lugha yake, na lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kijerumani cha amri: simama, chukua, upesi. Georgi Kondakov, Mrusi aliyekuwa kijana katika kambi ya Helgoland, alipokuwa mzee aliwaandikia wenzake waliosalia katika Urusi, akakusanya kumbukumbu zao, na mwaka 1991 habari zake zikatolewa kitabu Uingereza. Kitabu hicho chafaa kusomwa, kwa kuwa ndani yake watu wa Helgoland wasema wenyewe, nao ni wachache mno walioachiwa nafasi ya kusema.

Kazi ilikuwa ya saa kumi na mbili kwa siku: kuchimba miamba, kubeba mifuko ya saruji, kumwaga zege, kutengeneza njia na kuta za kuzuia vifaru. Posho ya asubuhi ilikuwa maji meusi yaliyoitwa kahawa. Ya mchana supu nyepesi ya kabichi. Ya jioni supu ile ile, na mkate wa kilo moja uliogawiwa watu watano au sita. Hata kidogo hicho hakikufika chote, maana wakuu wa kambi waliiba vyakula wakaviuza au wakavila wenyewe. Mkuu mmoja wa Norderney alihukumiwa na Wajerumani wenzake mwaka 1943 kwa biashara ya magendo. Kwa kuwapiga watu waliokuwa chini yake hakushtakiwa. Wakati wa baridi, upepo wa bahari ukivuma bila kizuizi, watu walijivika mifuko mitupu ya saruji chini ya matambara yao. Wengi walikufa katika miezi ya mwisho ya 1942 na mwanzo wa 1943, kwa njaa, kuhara damu na mapigo. Katika karatasi za vifo makarani waliandika mara nyingi kwamba moyo ulikuwa dhaifu. Ni kweli kwamba moyo wa kila mtu afaye husimama.

Hapa nataka kusimama kidogo katika neno. Tuwaiteje watu hawa kwa Kiswahili? Kamusi zetu za zamani zina neno shokoa, yaani kazi ya kulazimishwa bila ujira, na wazee wetu waliijua vema katika zamani za Wajerumani na za Waingereza pia. Katika vita ile ile ya 1939–1945 serikali za Tanganyika na Kenya ziliandikisha watu kwa nguvu kwenda mashamba ya katani na kazi nyingine. Lakini mtu wa shokoa aliitwa kwa jina lake, kwa muda uliotajwa, na kwake alijulikana aliko. Neno mtumwa nalo halikai sawa, ijapokuwa ndilo walilolitumia wenyeji wa Jersey walipowaona watu hawa wakipita. Mtumwa alinunuliwa kwa fedha, na bwana wake, hata akiwa mkatili, alipata hasara akifa. Katika kambi hizi mtu hakuwa na bei. Akianguka aliletwa mwingine katika meli ijayo. Nimetafuta neno moja la kutosha, nikaona ni afadhali kusema kwa maneno mengi: watu waliotumikishwa hata kufa.

Hayo ni ya kambi za shirika la Todt. Kambi ya nne, Sylt, ilikuwa na habari yake peke yake. Hiyo iliyo katika ukingo wa kusini wa kisiwa, juu ya magenge, nayo mwanzoni ilikuwa ya Warusi kama Helgoland. Mwezi wa Machi 1943 ilitolewa kwa askari wa S.S., wale waliozilinda kambi za mauti katika Ulaya, ikawa tawi la kambi kubwa ya Neuengamme iliyo karibu na Hamburg. Wafungwa kama 1,000 waliletwa wenye nguo za mistari, Warusi na Wapolandi na Wajerumani waliompinga Hitler, na juu yao akawekwa mkuu aliyeitwa Maximilian List. Ilizungushiwa seng'enge za miiba na minara ya walinzi. Wanyapara walichaguliwa katika wafungwa wenyewe, na aliyepiga zaidi alikula zaidi. Katika ushahidi uliokusanywa mwaka 1945 imo habari kwamba walinzi walipewa likizo kama malipo ya kuwapiga risasi wafungwa waliosemwa kuwa wametaka kutoroka. Nyumba ya mkuu ilijengwa nje ya ua, nzuri, na kutoka hapo palikuwa na njia ya chini ya ardhi iliyoingia kambini. Wachimbaji wa mambo ya kale wa Kiingereza wameipima njia hiyo, pamoja na misingi ya mabanda, na kuzitangaza habari zake mwaka 2020. Kambi ilifungwa katika Juni 1944, baada ya majeshi ya Uingereza na Marekani kushuka Normandy, na waliobaki hai wakarudishwa bara.

Tukitazama Jersey twaona tofauti. Huko pia Warusi waliletwa mwaka 1942, wakapigwa barabarani, wakafa. Lakini watu wa Jersey walikuwapo. Waliwaona wakishuka bandarini miguu mitupu, wakaandika katika vitabu vyao vya kila siku. Wengine wakaweka chakula nje ya mlango usiku, na wengine wakawaficha waliotoroka. Mwanamke mjane, Louisa Gould, ambaye mwana wake alikuwa amekufa vitani baharini, alimficha nyumbani kwake Mrusi Feodor Burriy kwa muda mrefu, hata majirani wakamsaliti. Mrusi alisalimika, Louisa Gould alikufa katika kambi ya Ravensbrück mwaka 1945. Padre wa Kianglikana, Kanoni Clifford Cohu, aliyewahi kutumika miaka mingi katika India, aliwapasha watu habari za vita zilizotoka katika redio ya London, hata wagonjwa hospitalini. Alikamatwa mwaka 1943, akafa katika kambi ya Zöschen, Ujerumani, katika Septemba 1944.

Lugha yetu yatusaidia hapa. Neno shahidi, tulilolipokea kutoka Kiarabu, lina maana mbili: aliyeona jambo akalisema, na aliyekufa kwa ajili ya imani yake, kama tusemavyo Mashahidi wa Uganda. Lugha nyingi za Ulaya zimezitenga maana hizo. Kwetu zakaa katika neno moja. Jersey ilikuwa na mashahidi wa namna zote mbili, na mara nyingine katika mtu mmoja. Alderney ilikuwa na wafao tu. Kati ya seng'enge na bahari hapakuwa na mlango ambao mtu angeweza kubisha usiku, wala mtu wa kuhesabu asubuhi kwamba jana walipita mia na leo wapita tisini.

Alderney ilifunguliwa tarehe 16 Mei 1945, siku saba baada ya Jersey na Guernsey. Ofisa wa Kiingereza aliyejua Kijerumani vema, Theodore Pantcheff, ambaye alikijua kisiwa tangu kabla ya vita, alitumwa kuchunguza. Alifanya kazi ya haki. Alihoji askari wa Kijerumani, vibarua na wafungwa waliopatikana, akapima makaburi katika uwanja wa Longis, na hesabu yake ya waliokufa ikawa 389. Walioponea walisimulia pia habari za maiti zilizotupwa baharini, na za jeneza lenye chini ya kufunguka, lililomtumikia mfu huyu leo na yule kesho. Uchunguzi ulionyesha wazi ni nani walioagiza na walioua.

Lakini hukumu haikutoka. Kwa kuwa wengi wa waliokufa walikuwa raia wa Urusi, serikali ya Uingereza ilisema kesi ni ya Warusi, ikawapa hati. Na Warusi hawakufanya kesi. Katika Uingereza hakuna hata mmoja aliyeshtakiwa kwa mambo ya Alderney. Wafaransa peke yao waliwahukumu Wajerumani wawili wa kambi ya Norderney, huko Paris mwaka 1949, kwa walivyowatenda Wayahudi wa Ufaransa. Carl Hoffmann, aliyekuwa mkuu wa jeshi kisiwani, ilisemwa kwa miaka mingi kwamba alinyongwa na Warusi mjini Kiev. Kumbe alikuwa mikononi mwa Waingereza mpaka 1948, akaachiwa, akafa kwao Ujerumani mwaka 1974. Serikali iliyojua hayo ikanyamaza, na ukimya huo ndio ulioleta taabu nyingine.

Maana habari isiyosemwa na wenye kuijua husemwa na wasioijua. Kwa kuwa hati zilifichwa, watu wakaanza kutaja hesabu zao wenyewe: elfu mbili, elfu kumi, hata makumi ya maelfu, na wengine wakasema Alderney ilikuwa Auschwitz nyingine. Msimulizi hupenda hesabu kubwa, na msikilizaji mwenye huruma huona haya kumpinga, kana kwamba kupunguza idadi ni kupunguza msiba. Mwaka 2023 Lord Pickles, mjumbe wa serikali ya Uingereza katika mambo ya maangamizi ya Wayahudi, aliwaita wataalamu wa nchi mbalimbali wapitie hati zote zinazojulikana. Matokeo yao yalitolewa katika Mei 2024. Wanasema waliokufa Alderney walikuwa kati ya 641 na 1,027. Ni zaidi ya zile 389 za Pantcheff, kwa maana kaburi lisilo na alama halikuhesabiwa. Tena ni chini sana ya yale makumi ya maelfu. Yako madhara pande zote mbili. Aliyepunguza amewaacha watu mamia bila hesabu, na aliyeongeza amempa silaha mtu atakaye kukana yote, kwa kuwa atasema: tazama, wamesema uongo katika hili, basi wamesema uongo katika mengine. Naona kazi ya wataalamu hawa, iliyofanywa jina kwa jina katika orodha za meli na za kambi, ni heshima kubwa kwa wafu kuliko maneno makali.

Wenyeji walianza kurudi tarehe 15 Desemba 1945. Nyumba nyingi hazikuwa na milango wala sakafu, maana mbao zilichomwa moto. Mipaka ya mashamba ilikuwa imepotea, ikabidi sheria mpya kutungwa ili kujua nani mwenye nini. Kanisa la Mtakatifu Anna lilikuwa limefanywa ghala, na kengele zake zilizowaita watu kuondoka zilikuwa zimeteremshwa. Baadhi yake zikapatikana Cherbourg, Ufaransa, zikarudishwa. Lakini lugha haikurudishwa. Watoto walikuwa wamekaa Uingereza miaka mitano na nusu wakisoma na kucheza kwa Kiingereza, na wazee waliosema Auregnais hawakupata wa kusema naye. Ikatoweka katika miaka iliyofuata vita, ikabaki katika majina ya mashamba na majabali. Mgeni aendaye Alderney leo akiuliza njia ya Sylt ataonyeshwa. Nguzo za lango zingali zimesimama, na tangu mwaka 2008 pana kibao kilichowekwa hapo kwa ajili ya waliosalimika.

Juu ya uwanja wa Longis familia moja ya kisiwani ilijenga ukumbusho katika miaka ya 1960, wenye vibao vya Kiingereza, Kifaransa, Kipolandi, Kirusi, Kihispania na Kiebrania. Makaburi yenyewe hayapo tena chini yake. Mwaka 1961 Wajerumani wenye kutunza makaburi ya vita walikuja, wakafukua mifupa ya watumishi wale pamoja na ya askari wao, wakaivusha bahari mpaka Mont-de-Huisnes, katika Normandy, ambako wamelazwa wafu kama 12,000. Ndipo walipo hata sasa: watu wa Urusi na Ukraine, ndani ya nyumba ya mifupa ya jeshi la Ujerumani.